Amotisere za motoka ya mbio hapa Lubumbashi: usilipe kabla ya kuangalia sufle

Kiangazi hiki wasomaji wamenitumia malalamiko yanayofanana karibu neno kwa neno. Mtu ana Toyota Altezza au Subaru Impreza. Anataka ishike kona vizuri siku za kazi, na siku moja moja aikimbize kweli mahali palipofungwa. Anakusanya feza, ananunua kombine, yaani amotisere (shokomzoba) na resori (springi) kwa pamoja, yenye rangi ya kung'aa, fundi anafunga. Kufika Agosti mafuta yanatiririka kwenye fimbo ya amotisere na nyuma kunadunda kila inapopita shimo. Fundi anasema chapa ni mbaya, mwuzaji anasema barabara ni mbaya. Nilipowaomba picha za chini ya motoka, karibu zote zilikuwa na kasoro ileile: fimbo iko wazi, sufle haipo.

Sufle ni lile ganda la mpira au plastiki lenye mikunjo linalofunika fimbo ya amotisere. Ni kitu cha bei ndogo, na wauzaji wetu hawakitaji kamwe. Fimbo imepakwa kromu na kusuguliwa mpaka ikawa laini kabisa, kwa sababu inapita kwenye sili ya mpira inayozuia mafuta yasitoke. Kila gurudumu likipanda au kushuka, sili inaifuta fimbo na kuiachia utando mwembamba sana wa mafuta. Sasa fikiria kwetu kuanzia Mei mpaka Septemba: hakuna tone la mvua, malori yanapita usiku na mchana, na vumbi jekundu linakaa juu ya kila kitu. Likigusa utando ule wa mafuta linakuwa tope, na tope hilo linasugua kama msasa. Mstari mmoja mwembamba kwenye kromu unatosha kukata mdomo wa sili. Mafuta yakianza kutoka, na gesi inafuata, na hapo hakuna ufundi wa kuirudisha.

Ndiyo maana hapa sitazungumzia ugumu wa resori, wala rangi, wala motoka ishuke sentimeta ngapi. Hayo mtaambiwa na kila mtu. Mimi nazipanga amotisere kwa swali moja: katika vumbi letu, fimbo yake italindwa na nini?

Ya kwanza kwangu ni KYB New SR Special, ile ya bluu. Nasema wazi kwamba mimi ni mtu wa KYB. Kampuni hii ya Japani, inayoitwa pia Kayaba, ndiyo inayowauzia Toyota na Subaru amotisere nyingi zinazofungwa kiwandani, na inaonekana katika namna vitu vyake vinavyokaa mahali pake. New SR ni ngumu kuliko ya kiwandani, lakini inatumia resori za kiwandani, kishikio cha juu cha kiwandani, na sufle na bute (kizuizi cha mpira kinachopokea kishindo amotisere ikifika mwisho) za kiwandani. Maana yake unaweza kuagiza sufle mpya ya Toyota yenye urefu kamili, inayofunika fimbo kuanzia juu mpaka kwenye mdomo wa mtungi hata gurudumu likining'inia. Hakuna kombine ninayoijua inayonipa usalama huo.

Sababu ya pili ni mawe. New SR ina mabomba mawili, moja ndani ya jingine, na pistoni inafanya kazi katika lile la ndani. Jiwe likirushwa na gurudumu likabonyeza bomba la nje, kwa kawaida pistoni haijui. Amotisere ya bomba moja ikibonyezwa, pistoni inakwama pale pale, maana inateleza kwenye ukuta uleule uliopigwa. Anayetoka lami na kuingia njia za changarawe kila jioni kufika nyumbani, ajue hilo kabla ya kutoa dola.

Udhaifu wake upo. Ukiikimbiza mizunguko mingi mfululizo, mafuta yanapata joto na kutoa povu, na motoka inaanza kuelea. Ipumzishe kati ya mizunguko. Kwa mtu anayeendesha siku zote mjini na kukimbia mara chache, hilo si tatizo la kumnyima usingizi. Ila msinunue Excel-G mkidhani ni yaleyale. Excel-G ni KYB nzuri ya kurudisha motoka katika hali ya kiwandani. Ifunge kwenye RAV4 ya mama.

Ya pili ni Bilstein B6, ya Kijerumani, ya njano. Nikiwa na motoka ya mbio tu, ya kupakiwa kwenye lori mpaka uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini, ningeweka hii juu ya KYB bila kusita. Ni ya bomba moja: gesi imetengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, kwa hiyo povu halipati nafasi, na joto linatoka moja kwa moja kupitia ukuta hadi kwenye hewa. Kwa magari ambayo amotisere ndiyo nguzo ya gurudumu, kama Impreza za mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbele na nyuma, mara nyingi Bilstein huigeuza kichwa chini. Fimbo nyembamba inajificha ndani pamoja na bute, na kinachoteleza nje ni bomba nene lenye nguvu ya kuzuia kupinda kwenye kona. Hata hivyo lile bomba nene nalo linapita kwenye sili, na linataka grisi. Grisi ikikauka au kuchanganyika na vumbi, utasikia kugonga kila ukikata usukani juu ya matuta. Sufle inabaki lazima.

Hapa wauzaji wanachanganya watu. B6 ni ya urefu wa kawaida. B8 ni fupi, imetengenezwa kwa resori zilizoshushwa. Msomaji mmoja wa Kampemba aliuzwa B8 ili azifunge na resori za kiwandani, akaambiwa namba kubwa ndiyo bora. Sasa gurudumu lake halishuki vya kutosha kufuata shimo, na matairi yanaachana na ardhi. Nilikasirika kuisoma barua yake, kwa sababu mtu yule alilipa zaidi ya mara mbili ya bei ya KYB ili aharibiwe motoka.

Koni Sport ya Uholanzi naiweka ya tatu. Unaweza kurekebisha nguvu yake ya kurudi, yaani inavyozuia resori isijinyooshe haraka, jambo zuri kwa mtu wa mtaani na uwanjani, lakini kwenye baadhi ya motoka lazima uitoe kabisa na kuibana mpaka mwisho ndipo uizungushe. Uliza hilo kwanza.

Halafu kuna kombine zenye nyuzi, yaani mikato ya skrubu inayozungushiwa pete ili kupandisha au kushusha motoka. Tein Flex Z ina hatua 16 za ugumu na imefungwa kiwandani, ikifa unanunua nyingine. BC Racing BR ya Taiwan ina hatua 30 na inaweza kufunguliwa na kutengenezwa upya. Ni kazi nzuri zote mbili, na kati yake mimi ningechukua Tein. Maana kuitengeneza upya BC kunataka sili sahihi, mafuta sahihi na gesi ya naitrojeni yenye shinikizo, kwa hiyo msivutwe na ahadi hiyo kabla ya kumpata fundi mwenye vifaa. Kombine nyingi huja na sufle fupi, na nyuzi ziko wazi chini yake. Vumbi linaingia, mvua ya Novemba inalifanya saruji, na siku unayotaka kupandisha motoka pete haizunguki tena. Ukishanunua, osha nyuzi, zipake kilainishi kikavu, na usiishushe mpaka bute iguse kila shimo.

Zile zisizo na jina, zinazouzwa seti nzima kwa bei ya moja: hapana.

Dukani, fanya hivi. Safisha fimbo kwa kitambaa, pitisha ukucha polepole kutoka juu mpaka chini, huku ukiizungusha. Ukucha ukinasa popote, rudisha. Kama ni Bilstein ya bomba moja, inakuja imefungwa kwa kamba kwa sababu gesi inaisukuma. Mwuzaji akikata kamba na fimbo ikabaki pale pale, umeshikilia maiti au rangi ya njano juu ya kitu kingine. KYB ya mabomba mawili iliyolala muda mrefu kwenye rafu isimamishe wima na uisukume mara kadhaa mpaka hewa itoke kwenye bomba la ndani, vinginevyo utasema ni mbovu bure.

Na bei! Unapiga simu, unaambiwa bei, unavuka mji mzima kwenye foleni, unafika: "Mama, ile ilikuwa bei ya moja." Ukiuliza sufle na bute, wanakuangalia kama umeomba bawa la ndege. Ukiuliza karatasi, "Mama, hii ni orijine kabisa, imetoka Dubai." Najua mzigo unatoka mbali, unashuka Dar es Salaam, unapita Tunduma na Zambia yote mpaka Kasumbalesa, na kila kituo kina gharama yake. Hiyo ni haki yao kuihesabu. Si haki yao kupaka rangi amotisere ya okazi, iliyokwisha kutumika, na kuiita mpya, wala kubadilisha bei kwa kuangalia viatu vya mteja.

Garajini, simama karibu na fundi. Nati ya juu inafunguliwa kwa kushika ncha ya fimbo kwa ufunguo wake. Wengi wanashika kromu yenyewe kwa koleo, na amotisere ya dola nyingi inakufa kabla haijagusa barabara. Silenbloki, zile bushi za mpira kwenye viungo, zikazwe motoka ikiwa imesimama kwa magurudumu yake chini, si ikining'inia, la sivyo mpira unajisokota na kupasuka mapema. Halafu paralelizimu, yaani kunyoosha magurudumu, siku hiyohiyo.

Mpe mwuzaji nambari ya shasi aagize sufle na bute pamoja na amotisere, kwenye mzigo mmoja, na ziandikwe kwenye risiti. Akisema haziagizwi, toka uende duka linalofuata.