Beji za rangi tatu kwa wenye haya: chunguza kwanza kadi ya kijani

Beji hizi huwaonyesha wengine kama mvaaji anataka kusemeshwa. Asili yake ni mikusanyiko ya watu wenye usonji huko Marekani. Nyekundu: nisisemeshwe. Njano: anisemeshe ninayemfahamu tu. Kijani: nataka kuzungumza, ila huenda kuanza kukanishinda, kwa hiyo anza wewe.

Siku hizi huuzwa hata kwa watu wenye haya tu, na hapo ndipo seti nyingi zinapokosea. Nyekundu huandikwa kwa kirefu, kijani ikaachiwa alama ya tabasamu. Mwenye haya kwa kawaida hachukii watu. Maongezi anayataka, ila sentensi ya kwanza haimtoki. Kadi inayomfaa ni ile inayomwambia mwenzake cha kufanya: "Nisalimie wewe kwanza." Seti isiyo na maneno hayo, wala nafasi ya kuyaandika kwa kalamu ya wino usiofutika, iache dukani.

Umbo la kawaida ni mfuko wa plastiki wa saizi ya kadi ya benki, milimita 86 kwa 54, wenye kadi 3. Unayoitaka unaitanguliza mbele. Tatizo ni kamba ya shingoni yenye ndoano moja. Ukitembea, mfuko unajigeuza, na kama mgongo wake nao unaonyesha ndani, wanaokuja mbele yako wanaiona kadi ya nyuma kabisa. Umechagua kijani, wao wanasoma nyekundu, wanakupita kimya, nawe unadhani umenuniwa! Chagua mfuko wenye mgongo usiopenyeza, au kamba yenye ndoano mbili. Klipu ya kifuani ni bora zaidi. Sumaku haitoboi nguo, lakini mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asiivae kifuani.

Maneno peke yake hayatoshi. Herufi ya kusomeka vizuri kutoka mita 3 inahitaji kimo cha milimita 25 hivi, na sentensi ya herufi hizo haienei kwenye kadi ndogo. Rangi ndiyo inayofanya kazi ya mbali, nayo ina kasoro yake: miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, takriban mwanamume 1 kati ya 12 hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa hiyo kila rangi iwe na umbo lake: duara, pembetatu, mraba.

Kwenye mkusanyiko, beji wavae wote, wasemaji kwa wenye haya. Akivaa mmoja tu, imekuwa lebo ya kumnyooshea kidole. Maana ya rangi itangazwe mwanzoni na ibandikwe mlangoni, la sivyo nyekundu itasomwa kama hasira. Na anayebadilisha kadi asiulizwe sababu. Swali hilo ndilo beji ilikusudiwa kumwepushia.

Kwa vikao vya mezani, vikombe 3 vya rangi hizohizo vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine vinatosha, na mkono unavifikia upesi kuliko mfuko wa shingoni. Taa za mezani zinazobadilika rangi ni maridadi, ila chumba kizima huligeukia dawati taa inapowaka ghafla, na hilo ndilo jambo mwenye haya analolikimbia. Ukilazimika kununua, tafuta inayopunguzwa mwanga na isiyomweka.