Raleigh kuukuu ya breki za vyuma: je, inafaa kufufuliwa nyumbani?

Katika baiskeli kuukuu ambazo bado zinapatikana Unguja, nyingine zikiwa zimeegemezwa ukutani kwenye nyua za Ng'ambo na nyingine zikiwa zimesahauliwa katika mabanda ya shamba, kwa maoni yangu hakuna inayostahili jasho la mtu kuliko Raleigh ya inchi 28 yenye breki za vyuma, yaani zile zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya. Sababu yangu kubwa ni kwamba baiskeli hii ilitengenezwa ifunguliwe. Goroli zimelala wazi ndani ya vikombe vyake, kila nati inafikika, na mwenye spana chache, grisi, sinia la kuwekea vipande na subira ya kutosha anaweza kuifikisha kwenye fremu tupu na kuirudisha bila ya kutoka uani kwake.

Baiskeli hizi zilitoka Nottingham, Uingereza, katika kampuni iliyopata jina lake kutokana na mtaa wa Raleigh ilikoanzia miaka ya 1880. Anayeitafuta asihadaike na rangi, maana nyingi zimekwishapakwa upya. Aangalie gurudumu la meno la mbele, ambalo katika nyingi za asili limekatwa maumbo ya korongo, ndege wa nembo ya kampuni hiyo, kisha ahesabu spoku: Waingereza wa zamani walizoea kuweka 32 mbele na 40 nyuma, na hesabu ikiwa tofauti, yumkini gurudumu limebadilishwa njiani.

Adui mkubwa hapa kwetu ni hewa ya bahari. Chuma kilichokaa miaka karibu na pwani hula kutu mahali pasipoonekana, hasa pale bomba la kiti linapoingia katika fremu na pale shina la usukani linaposhuka ndani ya uma unaoshika gurudumu la mbele. Kabla ya kutoa fedha, legeza nati ya kiti na ujaribu kuzungusha bomba lake. Likizunguka, hata kwa shida, endelea na mazungumzo ya bei. Likiwa limeganda kabisa, fahamu kwamba utalilowesha mafuta siku nyingi, na huenda lisitoke.

Rangi nyeusi ya asili na mistari yake ya dhahabu ni mali, na inasikitisha kuona watu wanakimbilia kuikwangua. Inatosha kuiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kuikausha vyema, kisha kuipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Petroli na tina ya kuyeyushia rangi ziwekwe mbali, kwani zinaweza kuifuta ile mistari. Sehemu zenye kromu husuguliwa kwa karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa maji, ambayo huondoa kutu bila ya kuikwaruza kromu. Nati na vipande vidogo vilazwe katika maji ya ndimu, visuuzwe, vikaushwe na kupakwa mafuta papo hapo, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye ndimu huanza kutu upya haraka. Nembo ya mbele ikiwa ya shaba, isugue kwa ukwaju kama masinia ya nyumbani yanavyosuguliwa karibu na Sikukuu.

Kazi inayowashinda wengi ni kotapini, ile pini inayoubana mkono wa pedali kwenye ekseli. Fundi mmoja mzee alinieleza mbele ya kazi yenyewe: "Mwanangu, pini haitolewi kwa hasira." Aliutegemeza mkono wa pedali juu ya kipande cha bomba kizito kilichosimama sakafuni, ili nguvu ya nyundo isiende kwenye goroli. Akaiacha nati ikiwa imefungwa hadi usawa wa ncha ya pini, isiharibike njia ya uzi, ile mikato inayoshika nati, kisha akapiga pigo moja zito lililonyooka. Wakati wa kurudisha, pini mbili huingizwa kutoka pande zinazopingana. Zikiingizwa upande mmoja, mikono ya pedali haitanyooka. Raleigh hutumia pini ya milimita 9.5, nayo ya milimita 9, inayofanana nayo sana kwa macho, italegea mapema.

Jambo jingine la kuangalia kwa makini ni uzi wa vikombe vya goroli vya ekseli ya pedali. Raleigh walikata nyuzi 26 kwa inchi, ilhali kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni 24, kwa hiyo kikombe kipya cha dukani kinaweza kuonekana kinaingia na kumbe kinaila fremu. Ushauri wangu ni kuvitunza vikombe vya zamani kadiri inavyowezekana na kubadilisha goroli tu, ambazo kwenye ekseli ya pedali ni za robo inchi, 11 kila upande. Matairi hayasumbui hivyo, kwa sababu kipimo cha 28 x 1½ ndicho kinachotumiwa pia na Phoenix za China na Hero na Avon za India.

Breki zenyewe nazisifu kwa kasoro moja. Hakuna waya wa kuozea ndani ya ganda lake, na kila kiungo kinahitaji tone la mafuta tu. Hata hivyo, mipira yake huvutwa juu kuibana rimu ya chuma kwa ndani, na wakati wa masika rimu hiyo ikilowa, baiskeli huchelewa kusimama. Anayepita vichochoro vya Mji Mkongwe akiwa na mzigo kwenye keria aanze kukamata breki mapema.

Ukibahatika kupata yenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ya Sturmey-Archer aina ya AW, ile ya gia tatu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936, inunue hata kama fremu yake imechoka. Gia ya kati huenda moja kwa moja, ya chini hupunguza mwendo kwa robo na ya juu huongeza kwa theluthi. Nyingi zina tundu dogo la mafuta. Tia matone machache ya oili nyepesi, wala usiijaze grisi nzito, kwani vimeno vyake vya ndani vitanata na gia zitaruka.