Kamera za ulinzi za nyumbani: tathmini ya mfumo wa waya wenye NVR

Mwenye nyumba anayeingia madukani Kariakoo kutafuta kamera za ulinzi huonyeshwa kwanza seti iliyokwisha kupangwa: kamera nne, mashine ya kurekodia (NVR), diski ya terabaiti 1 na roli la waya. Sifa inayotajwa kabla ya nyingine zote ni megapikseli, yaani mamilioni ya nukta (pikseli) zinazounda picha. Mfumo wa aina hii ndio nilioufunga kwenye nyumba yetu ya Kigamboni, yenye geti la magari, fremu ya duka upande wa barabarani na vyumba vya wapangaji nyuma, baada ya kuulinganisha na kamera za waifai zinazorekodi kwenye kadi na zile za sola zinazotumia laini ya simu. Mfumo wa waya wenye NVR naupendekeza kwa moyo wote, ila una masharti ambayo wauzaji wengi hawayataji mpaka waulizwe.

Sharti kubwa kuliko yote ni lenzi. Kamera nyingi za seti huja na lenzi ya milimita 2.8, ambayo hufunika zaidi ya nyuzi 100, na picha yake hupendeza dukani kwa sababu uwanja mzima unaonekana kwa mara moja. Lakini kiwango cha Ulaya cha EN 62676-4 cha mwaka 2015 kinataka pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo ili mtu usiyemfahamu aweze kutambulika bila shaka. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Ukizigawa kwa 250 unapata upana usiofika mita 8, na kwa lenzi pana kama hiyo upana huo unafikiwa takriban mita 3 tu mbele ya kamera. Mwizi aliye umbali wa mita 12 ataonekana akipita, hata rangi ya shati lake itajulikana, lakini sura yake haitamfaa askari wa upelelezi. Ndiyo maana kwa ajili ya geti nilidai kamera ya megapikseli 4 yenye lenzi ya milimita 6, inayotimiza kiwango hicho mpaka umbali wa takriban mita 10, nikaziacha lenzi pana kwa baraza na mlango wa duka, ambako watu hupita karibu. Fundi akitaka kuipandisha kamera ya getini mpaka kwenye kenchi, mkatalie, kwa sababu kutoka juu kiasi hicho itakuonyesha kofia za watu badala ya nyuso zao.

Waya nao unahitaji jicho kali. Uzuri wa mfumo huu, unaotumia PoE yaani umeme kupitia waya wa mtandao, ni kwamba waya mmoja hupeleka umeme kwenye kamera na kurudisha picha, hadi mita 100, bila kuhitaji soketi ukutani. Faida hiyo hupotea iwapo waya ni wa alumini iliyopakwa shaba, ambao hupoteza umeme mwingi zaidi njiani na kuifanya kamera ya mbali izime na kuwaka usiku, taa zake za infraredi, za kuonea gizani, zinapoanza kuvuta umeme. Kabla ya kulipa, menya ncha ya waya na uikwangue kwa wembe: ikionyesha weupe chini ya wekundu, tafuta roli jingine. Mwenye nyumba ambayo tayari ina waya za antena zilizozikwa ukutani hana haja ya kubomoa, kwani DVR ya kisasa, yaani mashine ya kurekodia kupitia waya wa antena, na kamera zake hutumia waya hizo hizo na kutoa picha nzuri.

Kuhusu diski, fanya hesabu mwenyewe. Kamera nne zinazorekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde kila moja hujaza takriban gigabaiti 173 kwa siku, hivyo terabaiti 1 huisha kabla ya siku 6 na mashine huanza kufuta picha za zamani. Familia inayokwenda mkoani kwa wiki mbili za sikukuu itarudi na kukuta wizi wenyewe, huku picha zake zimeshafutwa. Nilichukua terabaiti 4, za diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi saa 24, na hizo hutosha siku 23.

Kamera za waifai sizidharau. Chumba kimoja cha kupanga kinatosheka nazo. Udhaifu wao ni kwamba kadi imo ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo anayeing'oa huondoka na ushahidi wote, labda uwe unalipia hifadhi ya mtandaoni. NVR hukaa kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo, mbali na televisheni ambayo mwizi huikimbilia. Umeme wa TANESCO ukikatika, UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84, nayo kwa mzigo wa wati 35, ukitoa umeme unaopotea ndani ya UPS na betri, haifikishi saa 2. Wanaokatiwa umeme usiku kucha wanunue betri kubwa zaidi.

Ukaribu wa bahari unadai skrubu za chuma kisichoshika kutu. Buibui nao hupenda kutanda kwenye kamera, na utando wao humulikwa na taa zake na kung'aa mbele ya lenzi usiku mpaka picha yote inakuwa nyeupe. Kitambaa laini kila baada ya wiki chache kinatosha.

Mwisho ni nenosiri. Mlibadilishe lile la fundi akiwa bado yupo hapo, na muisasishe programu ya kila kamera, maana mwezi Septemba 2021 Hikvision walitangaza kasoro iliyomwezesha mtu wa mbali kuitawala kamera bila nenosiri lolote, wakatoa na marekebisho yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wapangaji wana haki ya kuambiwa kwamba wanarekodiwa. Katika mipangilio ya NVR ipo sehemu ya kuweka kiraka cheusi juu ya eneo lisilotakiwa kurekodiwa. Kiwekeni juu ya milango na madirisha yao kabla fundi hajaondoka.