Siku tatu kwa baiskeli Mayo: nzuri, ila ulizia upepo kwanza

Mwezi Mei mimi na mume wangu tulilipia safari ya siku tatu ya baiskeli kwenye Great Western Greenway, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi. Kampuni inakupa baiskeli, inakutafutia pa kulala, na begi lako linatangulia kwa gari. Njia yenyewe ilikuwa ya reli. Treni za kwenda Achill, upande wa baharini, zilikoma 1937, na leo ni njia ya kilomita 42 na ushee, magari unakutana nayo mara chache tu. Vilima ni vya upole, maana treni haipandi miinuko mikali.

Tatizo ni upande. Walitupangia kuanzia mji wa Westport kuelekea Achill, na upepo wa huko mara nyingi unatoka baharini, magharibi. Baada ya mji mdogo wa Newport nikajikuta nakanyaga pedeli kwenye mteremko, na baiskeli haiendi! Bibi mmoja akaja mbele yetu, mgongo wima, hata hatoki jasho. "Mmeanzia pabaya," akacheka, akapita. Ukienda, panda gari la kampuni hadi Achill, kisha urudi na upepo mgongoni.

Siti yangu nayo ilikuwa kama kukalia mbuzi ya nazi. Niliwapigia jioni, asubuhi wakaleta nyingine laini. Hapo nawapa haki yao.

Pale Newport usipite mbio. Kuna daraja la zamani la reli, matao saba ya mawe mekundu, sasa la waenda kwa miguu na baiskeli. Tulikaa karibu nalo na mkate wao wa kahawia, unaoumuliwa kwa magadi na mtindi badala ya hamira. Ukiwa wa moto na siagi, mume wangu alisahau kabisa kwamba alikuwa amenuna. Chai yao ni nzito, yenye maziwa, huna haja ya kuwafundisha.

Ukifika kijiji cha Mulranny unaiona ghuba ya Clew Bay imejaa visiwa vidogo. Wenyeji husema ni 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Ng'ambo unasimama mlima Croagh Patrick, mita 764, ambao mahujaji huupanda Jumapili ya mwisho ya Julai, wengine miguu mitupu.

Mvua ilitunyeshea kila siku, dakika kumi kisha jua. Koti peke yake halitoshi, beba na suruali ya mvua. Nyota nne, ya tano wataipata wakigeuza ratiba.