Modeli za jeti za kivita: ukiwa Nairobi, anza na ipi?

Watu wengi wakianza kukusanya modeli hizi za chuma huuliza kampuni gani ni bora. Mimi nasema anza na kipimo. 1:72 ni ndege halisi iliyopunguzwa mara 72, na kwa jeti nyingi hapo ndipo bei, ukubwa na ubora wa rangi vinapopatana. Ya 1:48 inapendeza lakini nauli ya kuiagiza kutoka nje inauma, na ya 1:144 alama zake utazisomea kwa miwani. Ukishachagua kipimo kaa nacho, la sivyo utajikuta na MiG iliyoizidi Phantom kwa ukubwa kwenye rafu moja.

1. F-5E Tiger II, ya kampuni ya Hobby Master

Kwa mnunuzi wa Nairobi sioni mshindani. Hii ndiyo jeti ambayo wengi wetu tumeiona kwa macho, ikipita juu ya jiji siku ya Jamhuri au Mashujaa, mlio ukifika wakati ndege yenyewe imeshapita. Kenya ilianza kuzipokea 1978, na kituo chake ni Nanyuki, kambi ya anga ya Laikipia. Kampuni ya Northrop iliibuni iwe nyepesi, yenye injini mbili ndogo za J85, ya kuuziwa nchi rafiki wa Marekani ambazo hazingemudu kununua wala kutunza ndege nzito. Toleo la E liliruka mara ya kwanza Agosti 1972. Wenye umri mkubwa wataikumbuka pia kwa Agosti 1, 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, ambalo baadaye lilifanya jeshi la anga livunjwe na kuundwa upya.

Modeli ina urefu wa sentimita 20 hivi, kwa hiyo inatosha kwenye rafu yoyote ya vitabu. Nyingi huja na rangi za Uswisi au za vikosi vya Marekani vilivyoigiza adui mazoezini. Anayetaka alama za Kenya atahitaji stika za kuloweka majini na mkono usiotetemeka.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha mbili: pua kwa ubavu, na ncha za mabawa kwa karibu. Puani kuna sindano nyembamba ya kupimia kasi ya hewa, na kwenye kila ncha ya bawa hukaa kombora la Sidewinder. Vitu hivyo ndivyo huvunjika kwanza safarini. Tazama pia pale bawa linapoungana na mwili. Pakiwa na mwanya unaoingiza ukucha, achana nayo, hata bei ikiwa tamu.

2. MiG-21, Hobby Master

Umoja wa Kisovieti uliunda zaidi ya 10,000, na Afrika zilifika nyingi. Majirani zetu Uganda walikuwa nazo. Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, makomando wa Israeli walipokwenda Entebbe kuwaokoa mateka, waliziteketeza MiG zilizokuwa uwanjani zisije zikawafuata angani, kisha wakapitia hapa hapa Nairobi kutia mafuta. Historia hiyo peke yake inatosha kuiweka karibu na F-5. Modeli yenyewe ni imara, isipokuwa ule mwiba mrefu wa puani ambao husafiri vibaya. Koni iliyo mdomoni mwa injini ikae katikati kabisa. Ikipinda, macho yako yatakuwa yanakwenda hapo kila siku.

3. Hawker Hunter, Corgi

Kwa umbo, mimi ningeipa nafasi ya kwanza bila kusita. Iliruka mara ya kwanza Julai 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya uhuru, kikosi cha Waingereza kiliirusha kutoka Eastleigh, uwanja ambao leo ni Moi Air Base. Chini ya kiti cha rubani ina mabonge mawili ya kukusanyia vipande vya minyororo ya risasi, kwa kuwa ilibeba mizinga minne ya milimita 30. Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu kwenye matoleo ya zamani mistari ya maungio ya mabati imechimbwa kama mitaro ya shamba.

4. F-4 Phantom II

Ndege halisi ziliundwa 5,195. Modeli ni kubwa, karibu sentimita 27, boksi lake ni zito na nauli hupanda. Hakikisha ncha za mabawa zimeinuka na mapezi ya nyuma yameinama. Ndege halisi iko hivyo, si kasoro.

Bei, forodha na mitumba

Modeli ya 1:72 ya daraja hili mara nyingi huanzia dola 80 na kuvuka 100 kabla haijaondoka kwa muuzaji. Forodha haiangalii bei ya kitu peke yake: hujumlisha bei, bima na nauli, inatoza ushuru, halafu VAT ya 16% inakuja juu ya jumla hiyo. Ndiyo maana boksi zito linakugonga mara mbili. Muuzaji akijitolea kuandika "zawadi, dola 10", kataa. Mzigo ukipotea utalipwa hizo hizo dola 10.

Ukibahatika kukuta modeli kuukuu kwenye marundo ya Toi au Gikomba, igeuze juani kabla ya kuanza kupatana bei. Mwili ni aloi ya zinki, na zinki iliyochanganyika na madini ya risasi huoza kutoka ndani: nyufa nyembamba, rangi iliyofura, bawa lililojikunja. Hakuna dawa. Rangi iliyochubuka au gurudumu lililokosekana si neno, hayo yana fundi.

Kwa mtoto usinunue yoyote kati ya hizi. Nenda Kamukunji, ndege za kuvuta nyuma na kuachilia zimejaa pale. Ivute mara kadhaa mbele ya muuzaji, na ukague vipande vidogo visivyoshika kama mdogo wake bado anatia kila kitu mdomoni.