Stadi za ARP kwenye 1JZ-GTE: uzoefu wangu na injini ya Chaser

Kama una JZX100, yaani Toyota kama Chaser, yenye injini ya 1JZ-GTE, na umeshaweka turbo kubwa, bila shaka umeshaambiwa: "Funga stadi za ARP huko chini, kazi imeisha." Stadi ni vijiti vya chuma vyenye meno ncha zote mbili; hizi za kampuni ya ARP zinachukua nafasi ya bolti za kiwandani zinazobana kepu, vile vifuniko vya beringi kuu vinavyoshika krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) chini ya bloku. Mimi nimezifunga kwenye Chaser yangu hapa Dar na gari inakwenda vizuri. Stadi zenyewe sina neno nazo. Shida ni kwamba hizo ndizo sehemu nyepesi ya kazi, na anayekuuzia hakwambii ile nzito.

Kwanza tuwe wakweli, 1JZ si injini legelege. Bloku ni chuma kitupu, si aluminiamu. Krenki imeshikwa na beringi kuu saba, silinda zina kipenyo cha mm 86 na pistoni inasafiri mm 71.5 tu. Zile hosipawa 280 za kwenye makaratasi zilitokana na makubaliano ya watengenezaji wa Japani ya kutotangaza zaidi ya hapo, yakadumu mpaka 2004. Kwa hiyo ukiwa unalenga 350 au 400, kwa maoni yangu bolti za Toyota zinatosha, hela ipeleke kwenye tuning na pampu ya oili. Mimi nilitaka kuvuka 500, ndiyo maana nikashusha injini.

Faida ya stadi unaielewa ukiishika mkononi. Bolti unapoikaza inavutwa na kusokotwa kwa wakati mmoja, tena meno yake yanasaga meno ya bloku. Stadi inakaa tu kwenye tundu lake, meno manene chini, meno membamba juu, anayezunguka ni nati peke yake. Mvuto unakuwa wa kunyooka na kepu zote zinabanwa sawasawa. Na stadi haikazwi kwa nguvu kwenye bloku: unaizungusha kwa vidole mpaka ifike mwisho, basi. Nimeona fundi mzima akiitia spana, nikamsimamisha.

Sasa ile sehemu nzito. Ukibana kepu kwa nguvu tofauti na ile ya kiwandani, tundu la beringi linabadilika umbo. Kwa macho huoni kitu. Tulifunga kepu zote bila beringi, tukakaza kwa toki kamili (kipimo cha nguvu ya kukazia), kisha tukapitisha geji ya kupimia kipenyo cha ndani. Sindano ilikuwa inacheza: juu-chini namba hii, kushoto-kulia namba nyingine. Ungefunga krenki hapo ingezunguka kwa mkono vizuri kabisa, halafu ikanoki ukiwa barabarani na umekanyaga mpaka mwisho. Dawa yake ni kuhoni, yaani kusugua kwa mawe hadi kipimo sahihi, mstari mzima wa beringi saba kwa pamoja, stadi zikiwa zimefungwa.

Karakana ya kwanza niliyokwenda walitaka kuondoa chuma upande wa bloku ili wamalize haraka. Nilikataa. Ukila bloku, krenki inapanda kuelekea silinda, na pampu ya oili ya JZ inaendeshwa na krenki yenyewe pale mbele, kwa hiyo inatoka kwenye senta yake. Fundi anayejua anasaga kidogo uso wa kepu, halafu anahoni kurudi kipimo, ili chuma kingi kitoke kwenye kepu. Nilimpata mzee mmoja wa Gerezani, hana haraka wala maneno mengi, akaifanya hivyo.

Jambo lingine: namba zilizopigwa kwenye bloku na kwenye krenki, zile unazojumlisha kuchagua saizi ya beringi, zimeshapoteza maana baada ya kuhoni. Pima upya kila shingo, yaani sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi. Wajenzi wengi wa injini wanaanzia nafasi ya oili, kati ya shingo na beringi, ya sehemu moja kwa elfu ya kipenyo cha shingo. Shingo kuu za JZ ni mm 62, kwa hiyo ni kama mm 0.06. Ukiacha nafasi hiyo, sahau oili nyepesi, hasa kwa joto la Dar. Natumia 15W-50.

Matokeo? Presha ya oili injini ikiwa ya moto imetulia kuliko mwanzo. Baada ya kuiendesha taratibu mpaka izoee, nilikata filta ya oili kwa msumeno, nikakunjua karatasi yake juani: weusi wa kawaida, hakuna chembe zinazong'aa. Kwangu hicho ndicho cheti.

Malalamiko yangu ni mawili. Bei, kwa sababu stadi, beringi na uchongaji vinakwenda pamoja, na uchongaji ndio uliokula zaidi. Pili, sokoni kuna feki. Duka moja lilinionyesha boksi zuri kabisa, lakini meno ya stadi yalikuwa na makovu na grisi haimo. Ile grisi ndogo inayokuja na seti halisi usiitupe. Toki iliyoandikwa kwenye karatasi ni kwa grisi hiyo. Ukipaka oili ya kawaida, spana itasema umefika wakati stadi bado haijavutwa inavyotakiwa.