Tahadhari: Muuzaji Anayeuza Madini ya Risasi kwa Jina la Tungsteni kwa Wafungaji wa Jigi za Manyoya

Ninawatahadharisha wenzangu mnaofunga jigi za manyoya, yaani chambo bandia chenye ndoana, kichwa kizito cha madini na kishungi cha nywele za mnyama, kwa mikono yenu, kwa ajili ya kuvua kwa ndoana katika mito na maziwa, kuhusu muuzaji wa mtandaoni anayeuza vichwa vya madini ya risasi akidai ni vya madini ya tungsteni, na singa (nywele) za mwili wa kulungu akidai ni za mkia. Mzigo niliouagiza kwake ulifika, lakini maandishi ya kwenye pakiti na vitu vilivyokuwamo havikuwa na uhusiano wowote. Silitaji jina la duka lake kwa sababu limekwisha kubadilika tangu nilipoanza kumdai, na atakayelitafuta atalikosa na kudhani kwamba yuko salama. Nitaeleza badala yake jinsi bidhaa zake zilivyo, namna ya kuzipima, na mbinu anazotumia kuchelewesha madai, maana hayo hayakubadilika pamoja na jina.

Nianze na vichwa, kwa kuwa ndiko fedha nyingi zinakopotea. Tungsteni huuzwa ghali kuliko risasi kwa sababu za haki: ni nzito zaidi kwa ukubwa uleule, hivyo kichwa cha gramu 7 huwa kidogo na huzama upesi, na ni ngumu, hivyo mvuvi huhisi vizuri kila jiwe ambalo jigi inaligusa chini ya maji. Sentimita moja ya ujazo ya tungsteni safi ina gramu 19.25, ilhali ya risasi ina gramu 11.34. Muuzaji huyu ameificha tofauti hiyo kwa rangi. Vichwa vyake vimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, nzito kiasi cha kuziba tundu la kupitishia mshipi, na ukiikwangua utaona mstari wa kalibu uliozunguka kichwa kizima pamoja na kovu bapa mahali palipokatwa mabaki ya madini yaliyomiminwa. Kovu hilo ni ushahidi mzito. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, kwa hiyo humiminwa kuizunguka ndoana bila kuiharibu. Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, joto ambalo ndoana ya chuma haiwezi kulistahimili kamwe. Ndiyo maana vichwa vya tungsteni hutengenezwa kwa unga uliochanganywa na madini mengine, ukashindiliwa na kuchomwa kwa joto kali, kisha ndoana ikapachikwa baadaye katika tundu au mfereji ulioachwa kwa ajili yake.

Wengi hupima kwa ukucha. Risasi laini huingia alama na huchora mstari wa kijivu kwenye karatasi, lakini risasi iliyochanganywa na madini ya antimoni ni ngumu zaidi na inaweza kumpoteza mpimaji. Kipimo ninachokiamini ni cha maji. Chukua vichwa 10 vya gramu 7 ambavyo bado havijafungwa, vipime vyote pamoja, kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu na uirudishe kwenye sufuri. Vitumbukize vichwa hivyo vikiwa vinaning'inia kwa uzi, visiguse kitako wala ukuta wa kikombe, na uvitikise kidogo ili viputo vya hewa vitoke. Namba itakayoonekana kwenye mizani ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo: risasi itakupa 11 au pungufu kidogo, na tungsteni ya kweli, hata ukihesabu chuma cha ndoana na madini yaliyochanganywa katika unga, kwa kawaida itapita 15. Vichwa nilivyouziwa havikufika hata 11.

Jambo hili halikomei kwenye fedha. Risasi ni sumu, na anayenunua tungsteni huenda ameinunua makusudi ili asiishike risasi kila siku, au ili asiiache majini ikamezwa na ndege. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 uuzaji wa vizito vingi vya risasi vya kuvulia samaki, vyenye uzito kati ya gramu 0.06 na 28.35, baada ya mabata-maji kufa kwa kuvimeza, na yako maeneo mengine yenye vikwazo vya namna hiyo. Mvuvi aliyedanganywa anaweza kukutwa na kosa ambalo hakulikusudia, na muuzaji huyu analijua hilo, kwa maana tangazo lake linasema waziwazi kwamba bidhaa hazina risasi.

Kuhusu singa, udanganyifu wake ni wa kimyakimya zaidi. Singa za mkia wa kulungu wa Amerika ya Kaskazini mwenye mkia mweupe hupendwa kwa sababu sehemu kubwa ya mkia hutoa nywele ndefu zenye ugumu wa wastani, ambazo hulala vizuri chini ya uzi na kucheza taratibu hata katika maji baridi, samaki wanapokuwa wazito kukimbiza chambo. Nywele za karibu na shina la mkia zina uwazi zaidi ndani, na za mwilini zina uwazi zaidi ya hizo. Uzi ukizikaza, husimama na kutawanyika. Picha za muuzaji zinaonyesha mikia mizima, lakini anacholeta ni vishungi vilivyokwisha kukatwa na kusawazishwa chini, bila kipande cha ngozi ambacho kingeonyesha zimetoka wapi. Nilipokaza uzi kwenye shingo ya jigi, kishungi chote kilisimama kama miiba ya nungunungu, na hapakuwa na namna ya kukilaza. Katika pakiti nyingine alichanganya nyuzi za plastiki. Hizo zilijulikana kwa moto: nywele ya mnyama hunuka nywele iliyoungua na kuacha majivu yanayosagika, ilhali plastiki huyeyuka na kuganda kuwa tone gumu. Rangi nyekundu nayo iliendelea kutoka hata baada ya kusuuzwa mara kadhaa, na singa iliyotiwa rangi ipasavyo haifanyi hivyo.

Ndoana sitazieleza kwa kirefu. Ibane ncha yake kwenye jiliwa na uivute kwa nguvu ya kiasi: ndoana njema hurudi ilivyokuwa, lakini zake hubaki zimenyooka.

Sasa mbinu zake, na hapa naomba msome kwa makini. Kwanza anakutaka utoke kwenye soko la mtandaoni lenye ulinzi wa mnunuzi, umlipe moja kwa moja kwa njia ya kutumiana fedha baina ya marafiki, akikuahidi punguzo. Usikubali, kwa kuwa malipo ya namna hiyo kwa kawaida hayana haki ya kudai marejesho. Pili, ukilalamika hakatai wala hagombani. Anaomba radhi kwa upole, anasema ghala lilikosea, na anaahidi mzigo wa pili. Ukiuulizia, anakuomba subira tena, mpaka muda wa kufungua madai unapokwisha, na hapo hajibu tena. Upole huo ndio uliowanasa wengi, maana mtu muungwana huona haya kumshitaki anayemwomba radhi. Fungua madai siku ileile unapogundua kasoro. Ikiwa mzigo wa pili utafika kweli na ni sahihi, madai yanaweza kufutwa.

Duka lake jipya mtalitambua kwa picha. Jigi zote zimelazwa juu ya ubao uleule wenye ufa mrefu unaopita katikati ya fundo jeusi, na mojawapo, nyeupe yenye kola ya uzi mwekundu, ina unywele mmoja uliopinda kuelekea kwenye tundu la mshipi. Picha hiyo nimeiona katika maduka yenye majina tofauti. Aidha, aliwahi kutangaza manyoya ya yangeyange wa mwituni, ambayo nchini Marekani hayaruhusiwi kuuzwa wala kununuliwa chini ya sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Anayeyaagiza huko anajitia hatarini yeye mwenyewe.

Kwa mliokwisha kununua: msifunge wala kupaka chochote juu ya vichwa hivyo, kwa kuwa bidhaa iliyotumika ni vigumu kuidai. Pigeni picha ya pakiti, ya kovu la kalibu na ya mizani wakati wa kipimo cha maji, na mhifadhi mazungumzo yote kabla hajayafuta. Vichwa viwekwe katika chombo kilichofungwa, mbali na watoto, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuvishika. Singa zitieni katika mfuko usiopitisha hewa, mbali na akiba yenu nyingine, kwa sababu katika kishungi kimoja nilikuta magamba ya viluwiluwi vya wadudu wanaokula manyoya.